Nilitaka Koki Tu

Karatasi ya makadirio ninayo hapa mkononi, nimeshaigeuza na nyuma nione kama kuna mahali pameandikwa kwamba ni utani. Hapajaandikwa. Nilichoomba ni koki moja ya nje, ya kumwagilia bustani. Kile kichuma kinachoenea kiganjani, ambacho dukani kinaning'inizwa kwenye msumari pamoja na ndugu zake. Kwenye karatasi hii koki imetajwa mwisho kabisa, na bei yake ni ndogo kuliko zote isipokuwa tepu. Vilivyoitangulia vyote ni nauli ya maji kuifikia.

Mafundi bomba mnawajua, kwa hiyo sina haja ya kueleza maana ya "nakuja asubuhi". Alikuja asubuhi kweli. Ya siku gani, tusichokozane.

Kabla ya salamu aliutazama ukuta. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio. Akasogea hatua moja, akagonga tena, akatikisa kichwa kama mtu anayetoa pole msibani. Mimi nimesimama na shati langu la heshima, mikono nyuma, najitahidi kufanana na mwenye nyumba.

"Vipi fundi, kuna tatizo?"

"Bosi, huu ukuta nani aliujenga?"

"Nimeukuta."

"Haya," akasema, na ile "haya" peke yake nadhani imo kwenye bei.

Tukaingia jikoni. Akajilaza chini ya sinki, ikabaki miguu, na mazungumzo mengine yote niliyafanya na ile miguu. Ikanijulisha kwamba bomba langu ni la plastiki, PPR ya milimita 20, na koki ninayoitaka ni ya chuma, nusu inchi, ya kufunga kwa hesi, yaani kwa kuzungusha kama skrubu. Nikasema sawa. Ikasema si sawa, kwa sababu PPR haigandishwi kwa gundi wala haichongwi hesi. Inayeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, bomba na kiungo chake kwa pamoja, sekunde tano, kisha unachomeka moja kwa moja bila kuzungusha. Ili plastiki ikutane na chuma lazima ipatikane elibo, kile kiungo cha kona, yenye hesi ya shaba ndani yake, ambayo ni ghali kuliko koki yenyewe.

Sekunde tano! Nikauliza kwa upole, kama mtu mwenye elimu yake, hela ya ufundi ya kazi ya sekunde tano imehesabiwaje.

"Mashine ya kukodi, bosi," miguu ikajibu. "Na mwenye nayo hakodishi kwa sekunde."

Tukaendelea. Tii, kiungo cha midomo mitatu, ya kukata njia kutoka bomba la jikoni. Koki nyingine ya kufungia ndani, ili ya nje ikiharibika nisikose maji nyumba nzima, hiyo niliielewa. Halafu ikaja valvu ya kuzuia maji kurudi.

"Yarudi wapi? Fundi, hapa kwetu hata kuja yanakuja kwa kubembelezwa."

Hapo ndipo alipojitoa chini ya sinki na kuketi. Akanieleza taratibu: mpira wa kumwagilia umeutumbukiza kwenye ndoo uliyochanganyia dawa ya wadudu. Ghafla shinikizo linashuka kwenye bomba kuu, bomba linaanza kunyonya, na ile dawa inapanda na mpira hadi ndani. "Maji yakitoka tena, bosi, unakunywa dawa ya wadudu. Na majirani wanaweza kuionja." Nikaweka alama ya vema. Nimekuja kusoma kwamba hata Uingereza, ambako mvua haisubiri kuombwa, kanuni za maji za 1999 zinataka koki ya nje iwe na kinga hiyo. Kwa hiyo hapa sikuibiwa. Roho iliniuma zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kuibiwa.

Jambo moja tulikubaliana bila ubishi: tundu la ukutani litobolewe likiinamia nje kidogo, maji yakivuja yaende kwenye maua, yasije kwenye kabati la sufuria.

Basi ningenyamaza, kazi ingeishia kwenye tundu, kwa kuwa koki ingekaa mgongoni mwa jikoni palepale. Lakini mke wangu akasema anaitaka karibu na waridi. Waridi ziko mwisho wa uwanja. Penseli ikarudi kazini: mita za bomba, klipu, elibo za kona, nguzo ya zege ya kushikilia koki, na mtaro wa kufukia bomba lisikutane na jembe. Kibarua wa mtaro ni mtu mwingine, na huyo naye anakula. Mtaro usifukiwe kabla maji hayajafunguliwa na viungo kukaguliwa, kwa hiyo kibarua atakaa akisubiri maji, na maji yetu mnayajua saa zake.

Shemeji amepita, anasema angenifanyia bure. Koki ya kwake alifunga mwenyewe na sasa ana bwawa. Jirani ametuma salamu, anaomba koki iwekwe juu ya kutosha ndoo kubwa kuingia, na nikiuliza ndoo ya nani naonekana mchoyo.

Na baada ya yote hayo itatoka nini? Koki ya kisasa, robo mzunguko, inang'aa, unaifungua inakupigia mluzi. Hewa! Na mita inazunguka kwa hewa hiyohiyo, na bili haina safu ya hewa.

Mpira nimeshanunua. Koki inaingia kwa nusu inchi lakini mdomoni ni robo tatu, kwa hiyo kiunganishi kilichokuja na mpira hakishiki, kinauzwa kingine. Muuzaji aliapa kwamba mpira wenyewe haujikunji, na kweli, ukiwa kwenye mfuko wake haujikunji hata kidogo. Dawa yake, ananiambia, ni gurudumu la kuuviringishia, la kufunga ukutani kwa boliti nne. Nikamwomba boliti nne. Zinauzwa kwa boksi.