Dume la Zamu ya Mchana

Sasa hata kuzibua gata inabidi mtu aage nyumbani. Mvua zimeanza, gata limejaa vijiti, maji yanaruka ukingo na kuchuruzika ukutani, pipa liko kavu, na pale konani chini ya bati kuna njiwa kakaa anakutazama kwa jicho moja. Jicho la rangi ya chungwa, halina wasiwasi. Wewe umelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Yeye kaingia na vijiti.

Mengine hapa Kigoma tumeyazoea. Umeme unakwenda, tunasema haya. Migebuka haikamatiki, tunanunua dagaa. Bodaboda anakwambia yupo hapo Mwanga kumbe bado yuko Ujiji anakunywa chai, tunamsubiri. Lakini kupigwa makofi na ndege wa amani, yule yule anayechorwa na tawi mdomoni, hapana. Hilo liitiwe kikao.

Tuanze na ratiba yake, maana wengi tunaumia kwa kutojua ratiba. Jike hutaga mayai mawili, meupe, la pili likifuata baada ya karibu siku mbili. Kuatamia ni siku 17 mpaka 19, kwa zamu. Jike analala na mayai usiku kucha mpaka asubuhi. Mnamo saa nne dume anaingia, anakaa mpaka saa kumi jioni hivi. Fundi wetu naye anapanda saa ngapi? Asubuhi ana kazi nyingine, halafu ale ugali wake wa muhogo, apumzike kidogo. Saa nane kamili ngazi inaegeshwa. Zamu ya dume.

Fundi anapanda kwa heshima zote, kalamu sikioni. Njiwa haruki. Angekuwa na mayai ya jana huenda angeruka, lakini mayai yakikaribia kuanguliwa, au makinda yakiwa tayari chini ya tumbo, mara nyingi haondoki. Kwanza anavimba. Manyoya ya shingo na mgongo yanasimama mpaka unadhani wako wawili. Halafu inatoka sauti nzito, ya chini, si ile ya kubembeleza jike, ni mguno. Fundi anacheka. Bawa la upande wa fundi linainuka, linabaki juu. Hapo mtu mwenye akili angeshuka. Fundi ananyoosha mkono.

Pa! Pa!

Anayedhani manyoya ni laini hajawahi kupigwa nayo. Njiwa hapigi kwa manyoya, anapiga kwa kifundo cha bawa, pale kwenye mfupa, ngozi ni nyembamba tu juu yake, na nyuma ya kofi hilo kuna misuli ya kifua, ile ile inayomrusha ardhini mpaka juu ya paa kwa sekunde chache. Likitua kwenye vifundo vya vidole, mkono unakufa ganzi. Kabla hujaurudisha, mdomo umeshadaka ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, umebana, unazungusha.

"Vipi fundi?"

"Mama, huyu ananipiga."

"Nani?"

"Njiwa."

Kimya.

"Fundi, nimekupa elfu kumi na tano."

Damu hutoka kwa nadra. Hatari iko kwenye ngazi. Fundi anaurudisha mkono kwa nguvu, uzito wote unahamia upande mmoja, ngazi yenyewe ni miti miwili na vipande vya mbao vilivyogongewa misumari ya kuokoteza, na kijana aliyepewa kazi moja tu duniani, kuishika kwa chini, ameiachia kwa sababu anacheka kakaa chini. Ukienda juu, vaa glavu za ngozi na ile helmeti ya bodaboda, kioo kikiwa kimeshushwa. Watakucheka hata hivyo, lakini utacheka nao ukiwa na macho mawili.

Kitu kimoja nimpe haki yake: hakufukuzi. Kunguru ana kinyongo, atakuzomea mpaka uingie ndani. Njiwa vita vyake vinaishia karibu na kiota, kama urefu wa mkono hivi. Shuka ngazi mbili, anajipanga manyoya, anaendelea kuatamia. Hana habari na wewe tena.

Na tusijione tumeonewa sisi tu. Wao kwa wao ni balaa. Madume mawili yakigombea mwanya mmoja chini ya kenchi, yanashikana midomo, yanapigana mabawa, yanasukumana mpaka mmoja adondoke, na mara nyingi anayedondoka ni mgeni. Kinda la jirani likipotea njia likaingia kiota kisicho chake, linadonolewa kisogo mpaka ngozi ibanduke. Hilo mimi sicheki. Hata mke haponi: siku za kukaribia kutaga, dume anamfuata nyuma hatua kwa hatua, akisimama anadonolewa, asije akasogelewa na dume jingine. Halafu anarudi kukaa konani mwetu kama mzee wa baraza.

Kungoja makinda yaondoke nako kuna mtego. Makinda huruka yakiwa na wiki nne mpaka tano, lakini jike anaweza kutaga tena kabla hayajaondoka. Ukichelewa siku chache, unaanza kuhesabu upya. Ukitupa mayai, atataga mengine. Wanaojua kazi hubadilisha mayai halisi na ya bandia, anaatamia mpaka anachoka mwenyewe.

Kona ikishakuwa tupu, usikwangue kikavu. Vumbi la kinyesi lina vimelea vya kuvu vinavyoingia mapafuni, kwa hiyo lowesha kwanza, vaa barakoa, kisha kwangua. Halafu ziba. Kipande cha bati kiwekwe kwa mteremko wa nyuzi 45 au zaidi. Ukipunguza, anapata pa kushikizia vijiti na ataona umemjengea kibaraza. Au wavu, tundu lisifike sentimita 5, upigiliwe kwenye papi na ukutani bila kuacha kona inayoning'inia. Chungulia ndani kabla ya kupigilia. Kinda likifungiwa, mzazi atahangaika juu ya bati mchana kutwa, na baada ya hapo funza watakudondokea kupitia silingi bodi. Maji ya mvua ya kwanza yamwage nje, yasiingie pipani, unajua yamepita wapi. Bundi wa plastiki wa kuwatishia atakaa siku chache, kisha watamtua kichwani. Sumu usiguse, kuku wa jirani ataiokota na utahama mtaa.

Lakini tunaziba nini wakati chini tunawapikia? Pale Basel, Uswisi, kuanzia 1988 waliwabana wananchi waache kulisha njiwa, na ndani ya miaka michache wakapungua karibu nusu. Walikuwa wanawanyima makombo ya mkate. Sisi mashine ya kusaga imezungukwa na punje za mahindi, maharage ya Kasulu yanamwagika kila gunia likishushwa, na sahani za ubwabwa zinakung'utwa hapo hapo nyuma ya kibanda. Nenda kamwambie mama wa ubwabwa aache kukung'uta. Nenda wewe. Mimi nina deni pale.

Mkutano wa mtaa wenyewe ulishaitishwa, ajenda ikawa taka, tukamaliza tunabishana kuhusu spika za harusi. Na ngazi ndefu mtaa mzima iko moja, mwenyewe kapanda treni kwenda Tabora kwa shemeji yake, na ufunguo wa stoo kaondoka nao mfukoni.