Mgombea anayekuja na daftari

Siku hizi ni nadra mgombea kutangaza kwamba anakuja kuhutubia. Anakuja "kusikiliza kero". Viti vinapangwa kwa duara, maiki inazungushwa, na pembeni anakaa msaidizi na daftari lake. Mimi huwa namtazama huyo msaidizi kuliko bosi wake. Kuna hoja zikitajwa kalamu inakimbia; nyingine zikitajwa anainua kichwa na kutabasamu tu. Zile zinazoandikwa mara nyingi ni zile zilizokwishaingia kwenye ilani.

Hata hivyo, kuita zoezi zima maigizo ni kurahisisha mambo. Chukua mdahalo wa wagombea urais wa Marekani uliofanyika Richmond, Virginia, tarehe 15 Oktoba 1992, ambapo maswali yaliulizwa na wananchi wenyewe. Mwanamke mmoja alitaka kujua deni la taifa limemgusaje kila mgombea katika maisha yake binafsi. Kamera ilimnasa Rais George H. W. Bush akitupia jicho saa yake ya mkononi. Zamu yake ilipofika alizungukazunguka, kisha akakiri kuwa hakulielewa vizuri swali. Mpinzani wake Bill Clinton aliinuka, akamsogelea muulizaji, na kabla ya kujibu lolote akamuuliza: wewe limekugusaje? Unawafahamu watu waliopoteza kazi na nyumba?

Mwongozaji wa mdahalo alikuwa ameshadokeza kwamba aliyeuliza huenda alikusudia ugumu wa uchumi, si deni lenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja ya wanaotetea mikutano ya namna hii. Mtu mwenye shida hazungumzi lugha ya bajeti. Hushika neno lililo karibu, na shida yenyewe iko nyuma ya neno hilo. Hakuna kura ya maoni itakayolirudia swali mpaka maana ipatikane. Aliyesimama mbele yake anaweza. Tena kampeni ni kipindi kile kifupi ambacho mwenye kuomba ni mkubwa na mwenye kutoa ni mdogo. Kukidharau ni hasara.

Lakini twende mbele miezi michache. Katika kampeni hiyohiyo Clinton aliwaahidi watu wa kipato cha kati kwamba watapunguziwa kodi. Mwaka 1993, akiwa ameshaapishwa, aliiweka ahadi hiyo kando na badala yake kodi kadhaa zikapanda, ikiwemo ya mafuta ya magari, ili kupunguza nakisi ya bajeti. Yaani lile suala la madeni ya serikali, ambalo ukumbini lilionekana ni jina tu la shida nyingine, lilikuwa likimsubiri ofisini. Alimsikia mwanamke yule vizuri kabisa. Hesabu ndiyo hakuieleza.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wakosoaji. Wao husema tatizo ni unafiki. Wanafiki wapo, sikatai, ila naona hatari kubwa zaidi iko kwa mgombea anayesikiliza kwa moyo mweupe halafu anashindwa kumwambia mtu "hapana" usoni. Uingereza, mwaka 2010, Nick Clegg, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats, na wagombea wenzake walitia saini hati ya kuahidi wanafunzi kwamba watapinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Clegg alipiga hadi picha akiwa ameishika. Wakaingia serikali ya mseto, na Desemba mwaka huohuo Bunge likaruhusu ada ifike pauni 9,000 kwa mwaka. Chama kilichokuwa na wabunge 57 kilitoka na 8 uchaguzi wa 2015. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini picha ile haikusahaulika.

(Sijagusa wale wasiofika mkutanoni kabisa: wa zamu ya usiku, wenye wagonjwa nyumbani, waliokwisha kukata tamaa. Daftari lolote lina shimo hilo.)

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, nacho si idadi ya mikutano. Je, kuna mtu aliyeondoka pale akiwa ameambiwa wazi kwamba alilolitaka halitafanyika, na sababu yake akapewa? Kama wote wametoka wakitabasamu, kuna waliodanganywa.

Najua kipimo hicho kina gharama, na gharama hiyo huamuliwa na sisi wapiga kura. Novemba 1774 Edmund Burke, mwanasiasa wa Uingereza, aliwaambia watu wa mji wa Bristol waliokuwa wametoka kumchagua kuwa mbunge wao kwamba maoni yao atayapa uzito mkubwa, ila uamuzi wake mwenyewe hatausalimisha kwao. Alitimiza hilo, akawaudhi katika mambo kadhaa. Mwaka 1780 alirudi kuwaomba tena, akaona hali ilivyo, akajitoa kabla kura hazijaisha kupigwa.