Mzee kafuata tableti, mkamkata mshahara

"Shida ya hii sistimu ni wafanyakazi wetu, hawapendi mabadiliko." Hayo maneno yamesemwa Jumatatu iliyopita kwenye kikao cha asubuhi kiwandani kwetu, kiwanda cha familia cha maboksi na mifuko ya karatasi, sistimu yenyewe ni ya tableti ambazo kila oda inaandikwa humo, na aliyesema ni mtu wa familia, mbele ya mafundi wote wamesimama na makoti yao maana baridi ya Mbeya mnaijua. Watu wakaangalia chini. Mi pia nikanyamaza, nyumbani tumelelewa kwamba mkubwa habishiwi mbele za watu, ila hilo neno limenikaa kooni wiki nzima, kwaiyo leo nalisema hapa.

Ilivyokuwa ni hivi. Mteja wetu mmoja wa parachichi, upande wa Tukuyu, alileta oda ya maboksi 6,000 ya kilo nne, yale ya kusafirisha nje. Mi ndo napanga ratiba ya mashine, nikaiingiza oda mwenyewe: vipimo, gramu za karatasi (uzito wa kila mita ya mraba), rangi, matundu ya hewa yakae wapi, kila kitu. Siku mbili baadae mteja akampigia bamdogo kwamba kule wanakopakia wamebadilisha upangaji, anataka matundu yahamie upande mfupi, ili maboksi yakipandana kwenye paleti matundu yaangaliane na hewa ya baridi ipite mpaka katikati. Ni ombi la maana kabisa, parachichi lisipopoa sawasawa linaivia njiani. Bamdogo kasema hamna shida. Akampigia supavaiza wa mchana, supavaiza yuko kwenye bajaji anarudi nyumbani, kasema sawa bamdogo. Basi, habari ikaishia kwenye bajaji.

Zamu ya usiku ikaingia. Mzee wa mashine namba mbili akafungua tableti, akakuta oda inasema matundu upande mrefu, akafunga dai (ile bamba yenye visu inayokata umbo la boksi) ya upande mrefu, akakata. Mpaka alfajiri kakata maboksi 3,200. Saa tatu asubuhi mteja kaja na Fuso yake, kafungua bando la kwanza, kaliangalia, akalirudisha chini taratibu bila kusema kitu.

Mzee akaitwa ofisini kabla hata hajanawa. Huyu mtu ana miaka 19 kwetu, kaja mi niko darasa la tano. Alikuja na tableti yake kaishika kwa mikono miwili, kaiweka mezani mbele ya Baba, akasema, "Mzee, mlisema tufuate hii. Mimi nimefuata hii." Hakuongeza neno. Na ni kweli, oda ilikuwa pale pale kwenye kioo, na jina langu mi niliyeiingiza, haijaguswa na mtu tangu nilipoiingiza.

Mwisho wake kakatwa shilingi 80,000.

Sasa mtu anasimama kwenye kikao anasema wafanyakazi hawapendi mabadiliko. Jamani, huyu ni mfanyakazi aliyeyapenda mabadiliko kuliko sisi wote! Angekuwa mbishi angesema tableti siijui, angempigia mtu kuuliza kama zamani, na pengine maboksi yangetoka sawa. Kaadhibiwa kwa kutii. Na wenzake wote wameona. Tangu ile siku zamu ya usiku kabla hawajawasha mashine wanapiga simu kwanza kuuliza "kuna kilichobadilika?", yani tumerudi kule kule tulikotoka, tofauti saivi tunalipia kila mwezi na kwa dola.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Sisi tulikuwa watu wa kauntabuku. Kila mashine na kauntabuku yake, stoo na la kwake, shangazi ana la hesabu ambalo hakuna mtu anaruhusiwa kuligusa. Ilitosha kabisa mpaka mwaka 2019. Katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza tarehe 1 Juni, oda za mifuko ya khaki zikatufuata kama mvua, alafu parachichi nazo zikapanda huku kwetu na Njombe, na kila mkulima mkubwa anataka boksi lenye jina lake. Kauntabuku zikashindwa. Oda zilipotea kabisa, mtu anakuja kuchukua mzigo ambao hakuna aliyekumbuka kuutengeneza. Kwaiyo sistimu tuliihitaji, mi niliipigania mwenyewe, na Baba alipokubali alisimama pale pale kwenye kikao akasema, "kuanzia leo, kama haipo kwenye tableti haipo." Hilo ni neno zuri kuliko yote aliyowahi kusema pale kiwandani. Lilidumu kama miezi mitatu.

Baada ya kile kikao cha Jumatatu nilichukua kitabu cha getini. Mlinzi wetu anaandika kila gari linalotoka, namba, mzigo, saa, kwa mwandiko wa taratibu kabisa, na hajawahi kuruka gari. Nikakaa nacho usiku nikalinganisha na sistimu, gari kwa gari, mwezi mzima. Nikakuta mizigo 14 ambayo ama imebadilishwa katikati ama imepenyezwa mbele ya foleni bila kuandikwa popote. Nikafuatilia kila mmoja nani aliagiza. Bamdogo, kaka, Baba mwenyewe, shangazi mara moja, mzigo mmoja ni wa shemeji. Opereta, hakuna. Stoo, hakuna. Yote 14 ni sisi wenyewe, ukoo wetu.

Na watu wanadhani kupenyeza oda moja ni kitu kidogo, "wape tu nusu saa". Hapa ndo naomba tuelewane kabisa. Ratiba naipanga kwa upana wa karatasi. Oda tatu zinazokaa vizuri kwenye rola la karatasi la upana wa mita 1.2 nazifuatanisha, rola likifungwa linafanya zote tatu, pembeni kunabaki ukanda mwembamba tu wa kutupa. Ikija simu ya "mtengenezee shemeji haraka", mashine inasimama, dai inatolewa, wino unaoshwa, rola linashushwa likiwa nusu, linafungwa jingine pana zaidi ya linalohitajika kwasababu ndo lililokuwa karibu, na ule upana wa ziada wote unaenda kwenye chakavu. Hiyo karatasi ya krafti, ile ngumu ya kahawia, inatoka kiwanda cha Mgololo, Mufindi, miti imekaa shambani miaka na miaka, imepikwa, ikapanda gari mpaka Makambako mpaka huku, alafu tunaikata tunaitupa kwasababu mtu hakutaka kusubiri mpaka saa nane mchana.

Alafu lile rola la nusu. Linarudi stoo halijapimwa, maana kwenye sistimu hakuna oda iliyolishusha, kwaiyo sistimu inajua bado lina kilo 700. Dada wa stoo ndo anaokoa jahazi kila siku. Ana rula yake ya bati, anapima unene wa karatasi iliyobaki kwenye rola, ana jedwali kaliandika kwa peni nyuma ya mlango, anakwambia hili limebaki kilo 300. Na hapo hapo kichwani: upana mita 1.2, gramu 150, kila mita moja ina gramu 180, kwaiyo hapa una mita 1,600 na kidogo, oda yako haiishi. Anahesabu haraka kuliko mi nafungua kikokotoo. Huyo dada ni form four, na ndo yumo kwenye hao "wasiopenda mabadiliko". Kaniomba mara tatu awekewe sehemu ya kuandika rola lililorudi nusu, awe analirekebisha mwenyewe. Bado hajawekewa. Mara tatu.

Mnaosema wazee hawawezi vioo, muwe mnaangalia. Mzee wa mashine namba mbili kila mwisho wa mwezi anamtumia mama yake hela Ileje kwa simu, na hakosei namba. Sensa ya 2022 nchi nzima imehesabiwa kwa vishikwambi, kijiji kwa kijiji. Shida ya tableti zetu ni nyingine na nimeiona kwa macho: gundi ya wanga. Opereta anashika karatasi mbichi, vidole vinapata utando mweupe unaokauka kama ngozi ya pili, na kioo hakisomi kidole chenye gundi. Mzee anagonga kwa kifundo cha kidole, anakunja mkono kama anabisha hodi, kisha anafuta kioo kwa kiwiko cha ovaroli. Kalamu za kugusia zinauzwa bei ya soda mbili tatu. Nimenunua sita kwa hela yangu, kazi imeenda.

Na lugha. Ile sehemu ya kuandika kwanini mashine imesimama ilikuja na sababu 11, zote za Kiingereza, na kwenye hizo zote hakuna "umeme umekatika". Hakuna "karatasi imevuta unyevu", na masika ya huku kwetu karatasi inalegea kabisa, boksi likibanwa linakunjika kama mkate uliolowa. Kwaiyo mafundi wakawa wanachagua ya mwisho, ile ya "mengineyo", kila siku. Kaka akachapisha ripoti akasema ona, hawa watu wavivu hata kuchagua sababu hawataki! Nilikaa nao mchana mmoja na chai na viazi, tukaandika sababu zao wenyewe kwa Kiswahili chao, zikafika tisa. Wiki iliyofuata "mengineyo" ilichaguliwa mara mbili tu.

Haya, na upande wa pili una haki yake, nausema ingawa sina raha nao. Wateja wetu ni watu wa simu. Mkulima wa Rungwe au mwenye mashine ya mpunga kule Igurusi hatajaza fomu kwenye kompyuta, anataka kusikia sauti ya bamdogo, waulizane habari za watoto, ndo aseme anataka nini. Nusu ya wateja tulionao ni wa bamdogo na wamekuja kwasababu yake, hilo silibishi na sitalibisha. Umeme kukatika nako sio kosa la mtu. Ila hakuna aliyemkataza bamdogo kupokea simu. Apokee, acheke, aulize habari za watoto, alafu akikata aingize yale mabadiliko kwenye tableti, dakika mbili. Hawezi? Anipigie mimi, hata saa sita usiku nitaamka niiingize. Ninachokataa ni ile simu ya pili, ya kwenda moja kwa moja kwa supavaiza, kwasababu hiyo haina ushahidi, na kitu kisicho na ushahidi kikiharibika kinamwangukia aliye chini siku zote. Bamdogo hajakatwa kitu. Supavaiza kapewa onyo la mdomo. Mimi, ambaye jina langu liko kwenye ile oda, sijaulizwa hata swali moja. Kaulizwa mzee peke yake.

Na kwa wenye viwanda vya familia wanaosoma hapa: hii sio huruma tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu kumkata mtu kwa hasara hivi hivi. Lazima kosa liwe lake kweli, akubali kwa maandishi, umwandikie sababu na kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kwetu hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa. Aliambiwa kwa mdomo, dirishani, siku ya mshahara.

Jana jioni baada ya chakula nilimfuata Baba barazani. Nikamshika mkono, nikamwambia Baba samahani, najua mi ni mtoto, ila naomba mambo matatu. Bamdogo na kaka wapewe namba zao za siri kwenye sistimu, waingize wenyewe, na kila mabadiliko yaonekane nani kayafanya na saa ngapi. Supavaiza akipigiwa simu na yeyote wa familia, na Baba mwenyewe akiwemo, awe na ruhusa ya kujibu "ingiza kwanza" na asiitwe mkosa adabu. Na mzee arudishiwe hela yake, mbele ya kikao kile kile, na aliyesema yale maneno awepo.

Baba kanyamaza muda mrefu. Kaniuliza, "bamdogo wako umeshamwambia?" Nikasema bado. Kasema nenda kamwambie wewe kwanza, mimi nisimsikilizishe mdogo wangu maneno ya mtoto wangu. La kwanza kasema sawa. La pili kasema tutaona. La tatu hakujibu, kaingia ndani kulala.

Leo mchana naenda kwa bamdogo, nimemnunulia mchele wa Kyela anaoupenda. Mzee yuko zamu ya usiku wiki hii, mashine ile ile, anakata yale maboksi upya.