Ramani Ikae Kwanza Ukutani

Bibi aliyekaa karibu nami chini ya mwembe alinivuta shati. "Mjukuu wangu, pale penye njano ni wapi?" Nikasogea hadi kwenye ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, nikasoma maelezo ya pembeni: ardhi ya akiba, yaani inayosubiri kugawiwa baadaye. Nikarudi nikamwelekeza kwa kijito na barabara. Akanyamaza, kisha akasema, "Huko si ndiko tunakokata ukindu?" Hajawahi hata kunyoosha mkono aulize, mwenyekiti keshasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooka. Muhtasari ukaandikwa: mpango umepitishwa kwa kauli moja.

Hicho ni kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani, hapa Tanzania. Sikitaji, maana nimeona mambo hayo hayo kwingine.

Kinachoniuma ni kwamba sheria tunayo, tena nzuri. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, halmashauri ya kijiji huandaa mpango, lakini anayeuidhinisha ni mkutano mkuu, yaani wanakijiji wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri hairuhusiwi hata kumgawia mtu shamba bila idhini ya mkutano huo. Nchi ngapi zimempa mkulima kura ya namna hiyo?

Ila kura juu ya ramani uliyoiona asubuhi hiyo hiyo ni kura ya kubahatisha. Na haraka yenyewe haitoki kijijini. Wataalamu wa wilaya huja kwa siku za kuhesabu, posho ikiisha wanaondoka, na mfadhili anasubiri ripoti yenye orodha ya mahudhurio. Siwalaumu sana wale vijana. Nimewaona wakichora hadi usiku kwa taa ya simu.

Ninachotaka ni kidogo. Rasimu ibandikwe ofisi ya kijiji wiki tatu kabla ya mkutano. Izungushwe kila kitongoji, na iandikwe majina tunayoyatumia wenyewe: kwa mbuyu, kisima cha zamani, makaburini. Rangi peke yake haimwambii mtu kitu. Kinamama wasikilizwe kikao chao, kwa sababu ukindu, kuni na maji wanavijua wao. Na palipo na wafugaji, mkutano usiitishwe wakati ng'ombe wako mbali.

Kiteto, huko Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao yakaitwa OLENGAPA, jina lililokatwa kutoka majina ya vijiji vyote vitatu. Makubaliano ya pamoja kama hayo sheria inataka yapite mkutano mkuu wa kila kijiji, kimoja kimoja. Hapo huwezi kuharakisha hata ukitaka.

Najua nitaambiwa wiki tatu ni gharama. Ni kweli. Lakini mpango ukishapita hufuatwa na sheria ndogo zenye faini, na anayelipa faini si aliyechora.

Mkutano ulipovunjika, bibi aliniuliza kama kesho bado anaweza kwenda kukata ukindu wake. Nikamwambia amuulize mtendaji. Tulipogeuka, mtendaji keshapanda gari la wilaya.