Msomaji Mchaguzi Mpe Dimitrios

Msomaji mchaguzi huona makosa mawili katika riwaya ya kusisimua: shujaa haguswi na risasi, na adui ni mwovu kwa sababu tu hadithi ilihitaji mwovu. Aliyeanza na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, akampenda, kisha akafika mahali pa kujiuliza "hivi kweli inawezekana?", ndiye hasa anayefaa kupewa The Mask of Dimitrios ya Eric Ambler, iliyotoka Uingereza mwaka 1939. Kwetu haitajwi sana, na inauma, maana ni kazi safi.

Ukiitafuta, kumbuka kwamba Marekani iliuzwa kwa jina la A Coffin for Dimitrios. Ni kitabu kile kile, usije ukanunua vyote viwili.

Mhusika mkuu, Charles Latimer, ni mhadhiri aliyegeukia kuandika hadithi za upelelezi. Hana mafunzo yoyote ya kijasusi. Akiwa Istanbul anakutana na Kanali Haki wa polisi wa siri wa Uturuki, anaonyeshwa mochwari maiti ya mhalifu aitwaye Dimitrios, na hapo anashikwa na hamu ya kujua mtu huyo aliishije. Anamfuatilia kuanzia Smyrna (leo Izmir, Uturuki) ya mwaka 1922, mji ulipoungua, hadi Sofia, Geneva na Paris, akitegemea majalada ya zamani, mkalimani, na watu wanaoongea kwa sababu wana chao wanachokitaka.

Ubora wenyewe uko sura ya 9, Belgrade mwaka 1926. Jasusi aitwaye Grodek anataka ramani za mabomu yaliyotegwa baharini. Havunji kasiki. Anamlenga Bulic, karani mdogo wa wizarani mwenye kinyongo cha kutopandishwa cheo, anajifanya mfanyabiashara wa darubini anayewania zabuni ya jeshi la majini, anamkaribisha chakula, anamsifu mbele ya mkewe. Kisha kamari: Bulic anaachiwa ashinde kwanza. Deni likishamfika shingoni, ndipo ramani inatajwa. Hakuna ngumi hata moja, lakini mkono unabana kurasa, kwa sababu kila hatua ni ndogo na kila hatua ungeweza kuikubali hata wewe. Hapo ndipo waandishi wengi wa kijasusi hukosea: huanza na bunduki, wakausahau udhaifu wa mtu.

Kasoro zipo. Sura mbili za mwanzo zinakwenda taratibu. Anayezoea maiti ukurasa wa kwanza atataka kukiweka chini. Mwambie avumilie hadi amalize sura ya 3 ndipo aamue. Bwana Peters, mtu ambaye Latimer anakutana naye safarini, naye ana mahubiri marefu, lakini asiyaruke, maana tabia yake yote imo humo. Na kuna maneno ya dharau juu ya mtu mweusi, Dhris Mohammed, katika habari za Smyrna. Ni lugha ya zama zile, inachoma, na ni haki msomaji aonywe mapema.

Filamu ya mwaka 1944 isubiri hadi kitabu kiishe. Dibaji za matoleo mapya zisomwe mwisho. Na wewe unayekitoa, usisimulie lolote linalotokea baada ya pale mochwari.