Devon Alinyang'anywa Kura Yake

Jana usiku nilirudia kuangalia fainali ya msimu wa 35 wa Survivor, kipindi cha mashindano cha Marekani ambamo washiriki wanaachwa ufukweni na kutoana mmoja mmoja kwa kura, ile ya Desemba 2017, na hasira niliyodhani imeshakwisha ikarudi nzima nzima. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Acha niitoe.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Wamebaki wanne: Chrissy, Ryan, Devon na Ben. Kila mtu anataka Ben atoke, maana akifika mbele ya majaji, yaani wenzao waliokwisha kutolewa ambao ndio wanaomchagua mshindi, pesa ni zake. Ameponea chupuchupu kila baraza la kupiga kura kwa kuokota vinyago vya kinga, vile vilivyofichwa ambavyo mwenye nacho hawezi kutolewa, na sasa hana tena pa kujificha. Chrissy anashinda shindano la mwisho la kinga, kwa hiyo yeye hatolewi. Kwa mchezo walioujua wote tangu wanaingia, wakibaki wanne wanapiga kura. Shindano la kuwasha moto hufanyika kura zikilingana tu. Hapa hazilingani. Watatu wanamtaka mmoja, na huyo mmoja ni Ben.

Ndipo Chrissy anapopata ujumbe wa siri: safari hii hakuna kura. Achague mmoja wa kwenda naye fainali, wawili watakaobaki washindane kuwasha moto. Akamchukua Ryan. Ben akamshinda Devon kwenye moto, akaingia fainali, akapata kura 5 kati ya 8 za majaji na kuondoka na dola milioni moja.

Sina neno na Ben. Aliambiwa awashe moto, akawasha. Wanaomtukana mpaka leo wanamwonea.

Ninaowalaumu ni walioandika ule ujumbe. Mchezo ule wote ni hesabu ya kura. Nani atoke leo, nani umbebe mpaka wiki ijayo, rafiki yupi umsaliti na lini: kila uamuzi mtu anaufanya akiangalia kura zilizo mbele yake. Devon alilala njaa zaidi ya siku thelathini kule Fiji akipiga hesabu hiyo, na aliipiga vizuri, kwa sababu alifika wanne akiwa na kura za kutosha mkononi. Ukija kuifuta kura ile jioni ileile anayotaka kuitumia, umefuta kila alichokipanga tangu siku ya kwanza. Angejua mapema kwamba wakibaki wanne ni moto, huenda angemng'ang'ania mtu asiyejua kuwasha hata kuni kavu. Huenda angeshindwa vilevile. Lakini angeshindwa katika mchezo aliokubali kuucheza.

Mtangazaji wao, Jeff Probst, alieleza baadaye kwamba ilimkera kuona mchezaji hodari anafika wanne halafu anakatwa kwa sababu tu wenzake wanamwogopa. Hoja hiyo ina uzito, nakubali, ingawa kwa shingo upande. Mchezo unaomtoa aliyecheza vizuri kuliko wote hatua moja kabla ya mwisho una kasoro, na kasoro hurekebishwa. Na kama wanasema mabadiliko yaliamuliwa kabla msimu haujaanza, sawa. Mchezaji aliambiwa lini? Jambo linalojulikana ofisini tu na asilolijua anayelala njaa ufukweni haliwezi kuitwa sheria ya mchezo.

Nilipokuwa mdogo nilicheza drafti na kaka yangu. Nikibakiza hatua moja kupata kingi, anatangaza: "Leo kingi haruki mbali." Nikilia ananiambia ni mchezo tu, mbona unalia? Nilikuwa nalia kwa sababu nilitoa kete tatu sadaka ili nifike pale, na nisingezitoa kama angeniambia mwanzoni. Kushindwa nilikuwa nimeshakuzoea. Sikuwahi kuzoea kwamba kete zangu tatu hazirudi.

Sasa linganisheni na alichofanyiwa Michael Larson mwaka 1984. Huyu alikaa nyumbani na mashine ya kurekodi video, akaukodolea macho ubao wa Press Your Luck, kipindi cha televisheni ambamo mchezaji anasimamisha taa zinazorukaruka ili apate pesa, mpaka akagundua kwamba taa zake zinafuata mizunguko mitano tu inayojirudia. Akaikariri. Alipofika studio akawa anasimamisha ubao anapotaka, akaondoka na dola 110,237. Wakubwa wa CBS, kituo kilichorusha kipindi hicho, walichanganyikiwa, na walitafuta sababu ya kumnyima. Hawakuipata. Hakuna sheria aliyoivunja, basi wakamlipa, kisha ndipo wakaongeza mizunguko ya ubao kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Hivyo ndivyo inavyotakiwa! Tundu walilitoboa wenyewe, hasara wakaibeba wenyewe, na mabadiliko yakaanza na mtu aliyekuwa bado hajaketi kwenye kiti.

Kwa sababu hiyohiyo siungani na wanaolalamikia Jeopardy!, kipindi cha chemsha bongo cha Marekani, kuondoa kikomo cha ushindi wa siku tano mwaka 2003. Najua hoja yao: Brad Rutter aliaga mwaka 2000 bila kushindwa, kwa sababu siku zake tano zilikuwa zimetimia, halafu mwaka 2004 Ken Jennings akaachiwa njia mpaka akashinda michezo 74. Inauma. Lakini Rutter alijua kikomo ni siku tano alipoingia, na Jennings alijua hakuna kikomo. Kila mmoja alicheza mchezo aliotajiwa. Na Rutter aliporudi mwaka 2005 kwenye mashindano ya mabingwa, alimshinda Jennings huyohuyo.

Ninachodai kwa Jeopardy! ni rekodi zisomwe kwa haki. Novemba 2001 thamani ya kila swali iliongezwa maradufu. Frank Spangenberg, askari polisi wa New York, alikusanya dola 102,597 kwa siku tano mwaka 1990, kwa maswali ya bei ya zamani, na wakati huo bingwa haruhusiwi kuondoka na zaidi ya dola 75,000, kwa hiyo kilichozidi kikaenda kwenye hisani. Ukimweka kwenye orodha moja na mabingwa wa leo bila kueleza hayo, unamdhulumu mtu aliyetii masharti magumu kuliko yao. Sentensi moja chini ya jedwali ingetosha.

Kuhusu Edge of Extinction, msimu wa Survivor wa 2019, ambako aliyetolewa siku ya 8 alirudi mwishoni akashinda, sitaki hata kuanza.

Kuna rafiki yangu hunijibu kwamba washiriki wanasaini mkataba unaowaruhusu watayarishaji kubadilisha watakavyo. Ni kweli wanasaini. Mkataba unamzuia Devon kwenda mahakamani. Haunizuii mimi kusema amedhulumiwa. Marekani wenyewe waliona aibu mwaka 1959, Charles Van Doren alipokiri mbele ya kamati ya bunge kwamba alipewa majibu kwenye chemsha bongo ya televisheni ya Twenty-One, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chemsha bongo zilizopangwa matokeo. Sisemi Survivor walimpanga mshindi. Nasema mtazamaji aliyeona mchezo unabadilishwa pale pale ambapo kipenzi cha watazamaji anakaribia kutoka ana haki ya kuuliza, na waliompa sababu ya kuuliza ni wao.

Moto wa wanne ulibaki katika misimu iliyofuata. Siupendi, lakini sina malalamiko nao tena, kwa sababu kila anayeingia sasa anajua unamsubiri. Wapo wanaofanya mazoezi ya kuwasha nyumbani miezi kadhaa kabla ya kupanda ndege. Devon hakupewa hiyo miezi.