Kichwa kipya cha mada: masharti yanamlinda nani?

Vichwa vya mada ni yale maneno rasmi ya katalogi yanayokusanya vitabu vya jambo moja mahali pamoja. Orodha inayoigwa zaidi duniani ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanza kuandaliwa 1898. Mkutubi wa nje anaruhusiwa kupendekeza kichwa, ila sharti awe na kitabu mkononi kinachohusu jambo lenyewe, ahakikishe halimo tayari kwa jina jingine, na ataje marejeo yanayothibitisha jina analolitaka. Tena kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Hata mada ya utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu haina njia nyingine.

Sharti la kitabu mkononi nalitetea. Likiondolewa, katalogi itajaa vichwa visivyo na kitabu hata kimoja chini yake. Ubaya wake ni kwamba linawasikiliza walioandika, si wanaoandikwa. Sanford Berman, Mmarekani aliyekuwa mkutubi Zambia na baadaye Makerere, aligundua akiwa Zambia kwamba kichwa "Kafirs", kilichokuwa kikitumika rasmi kwa Waafrika wa kusini, ni tusi kwa wenyeji. Vitabu vya kukithibitisha, bila shaka, vilikuwepo tele!

Kubadili kilichokwisha kuzoeleka ni kazi nyingine. Mwaka 2014 wanafunzi wa chuo cha Dartmouth walishirikiana na wakutubi wao kuomba "Illegal aliens", yaani wageni haramu, kiondolewe. Walikataliwa kwa hoja kwamba hayo ni maneno ya kisheria. Machi 2016 Maktaba ya Bunge ikakubali, wabunge wa Republican wakaja juu, na mabadiliko yakasubiri hadi Novemba 2021. Hata hapo, "Noncitizens", yaani wasio raia, kiliingia pamoja na "Illegal immigration", yaani uhamiaji haramu, kwa hiyo neno lililolalamikiwa halikutoka lote. Sidhani kanuni ndiyo iliyochelewesha hapo, siasa ilitosha.

Kuna wanaosema basi kila maktaba ijitungie vyake. MARC, mfumo wa kuandikia rekodi za katalogi kwenye kompyuta, unaruhusu: kichwa cha kienyeji kinawekewa alama ya kukitofautisha na vile vya Washington. Berman alifanya hivyo miaka mingi katika maktaba za kaunti ya Hennepin, Minnesota, na wasomaji wake walifaidi. Lakini vichwa hivyo vinahitaji mtu wa kuvitunza kila siku, na maktaba yenye mkutubi mmoja itachukua tu rekodi iliyokwisha andaliwa, pamoja na maneno yake.